Mboga Laini za Nyamizi

Bujiku alikuwa na kauli moja aliyoipenda kuliko zote, na kila mgeni aliyeketi kwake aliisikia kabla hajanawa mikono: "Majani ni chakula cha ng'ombe. Mimi namla ng'ombe, kwa hiyo majani yangu nimeshakula." Kisha alicheka mwenyewe, tumbo likatikisika, na mkewe Nyamizi akacheka pamoja naye, ingawa alikuwa ameisikia tangu walipokuwa Kwimba, kabla hawajaswaga mifugo yao kushuka kusini hadi bonde la Usangu. Mwanamume mwenye zizi kubwa kama lile ana haki ya kurudia utani wake.

Utani ulikoma mwaka 1977, mwezi wa pili. Asubuhi moja Bujiku alikwenda kufungua zizi, akashika mti wa lango, akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo. Nyamizi alimkuta jasho linamchuruzika na maneno yanamtoka nusu nusu. Nkuba, mdogo wake Bujiku, ambaye mji wake ulikuwa ng'ambo ya mto, alikusanya wanaume, wakamlaza kaka yake kwenye kitanda cha kamba na kumbeba hadi Igawa, kwenye barabara kuu. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linaelekea Iringa, basi Iringa ndiyo ikawa.

Hospitalini walikaa wiki mbili. Daktari alisema moyo umepanuka, mishipa imejaa mafuta na presha iko juu, akayasema yote hayo huku anatembea. Aliyebaki kuyafafanua alikuwa muuguzi Tekla, Mhehe mnene mwenye sauti ya kwaya na subira ya kuweza kulifundisha jiwe.

"Mama, unajua kutu?" Tekla aliuliza.

"Naijua, sista. Jembe ukiliacha bila mafuta, kutu inalila."

"Haya. Na mishipa ya mzee inaliwa hivyo hivyo. Mafuta ya nyama na samli yanaganda humo ndani, yanachacha, njia inaziba, moyo unasukuma mpaka unachoka. Sasa kwenye mboga za majani, kwenye nyanya, kitunguu, machungwa, kuna kitu kinakinga hiyo kutu. Daktari wetu amesoma kwenye majarida, wataalamu bado wanakichunguza. Sisi tusiwangoje. Mboga kila siku. Samli, hapana. Na chumvi, hata punje moja, hapana. Chumvi inavuta maji mwilini, itamzamisha akiwa kitandani. Umenielewa? Hebu rudia."

Nyamizi alirudia. Tekla akamrudisha arudie mara ya pili, na ya tatu. Nyamizi hakujua kusoma, na kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuitegemea, kila alichoambiwa alikitia kichwani, na kichwa chake hakikuwa kinavuja. Mboga kila siku. Samli hapana. Chumvi hata punje.

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote," Tekla alisema, akampigapiga begani.

Hakumuuliza ni kitu gani kingine kinachoingia kwenye chungu. Angemuulizaje? Mwanamke mzima, aliyezaa na kuozesha, ukishamwambia apike mboga, unaanza kumuuliza anazipikaje?

Waliporudi, Nyamizi alitoa mfuko wa chumvi jikoni akampa jirani Msangu. Samli akaigawa. Alilima bustani kando ya mto, akapanda mchicha, kunde, maboga, nyanya na vitunguu, akawa anabeba maji ndoo kwa ndoo. Watoto wao walikuwa wawili tu, Kalista na mdogo wake, wote wa kike, wote wameolewa kaskazini. Hakuwa na mtu mwingine. Bujiku akiondoka, yeye atabaki katikati ya ukoo wa watu wengine, kwenye nchi ya watu wengine, na ng'ombe watakuwa wa Nkuba. Lakini tusimsingizie: hakuwa analima kwa sababu ya ng'ombe. Alikuwa anampenda yule mzee na utani wake mbovu.

Shida ilikuwa moja: Bujiku alikataa kula. Majani yaliyochemshwa bila chumvi yalimshinda. Aliyatafuna, akayahamisha shavu hili kwenda shavu lile, akayatema kwenye kiganja.

"Mama Kalista, hata ng'ombe ana chumvi yake ya kulamba. Mimi nimekosa nini?"

Siku kumi alikula ugali mkavu. Mashavu yalishuka. Nyamizi alijaribu limau, akajaribu karanga, akajaribu kumbembeleza na hata kumgombeza. Siku ya kumi na moja, alipokuwa anafagia ghalani, mkono wake uligusa kibuyu alichokuja nacho kutoka kwao. Ndani mlikuwa na madonge ya kijivu ya magadi.

Hapo ndipo furaha ilipomjia. Kwao, tangu bibi wa bibi, mboga ngumu hulainishwa kwa magadi. Mlenda bila magadi ni aibu ya mpishi. Na magadi hayakuwa chumvi! Chumvi ni nyeupe, inatoka dukani, ina mfuko wake. Magadi ni udongo, huokotwa kwa ajili ya ng'ombe, husagwa kwa ajili ya wagonjwa wa tumbo. Sista alikataza chumvi. Magadi hakuyataja, na kama yangekuwa na ubaya sista yule angeyataja, maana alitaja kila kitu. Nyamizi alivunja kipande kama ukucha wa kidole gumba, akakiyeyusha, akamimina kwenye kunde. Majani yaligeuka kijani cha kung'aa, yakalegea, yakawa laini kama uji.

Bujiku alionja. Akachota tena.

"Leo umepika," alisema.

Alikula bakuli zima, akalifuta na tonge la mwisho. Nyamizi alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, akalia kwa furaha huku ameziba mdomo na kanga.

Kuanzia siku ile mboga zilipikwa kila siku, na utani ukarudi ukiwa umegeuzwa: "Nimekuwa ng'ombe sasa. Mama Kalista amenifunga kwenye zizi lake." Watu wakaja kuona. Mzee aliyebebwa kwenye kitanda anakaa nje, anakula majani, anacheka! Wanawake wakauliza siri ya mboga zile, naye hakuwa mchoyo. Wa kwanza kujifunza alikuwa Roza, mke wa Nkuba, kwa sababu Nkuba naye alikuwa ameanza kulalamika kichwa kumgonga na masikio kuvuma.

"Dada, magadi kiasi gani?" Roza aliuliza.

"Akizoea, ongeza. Ulimi unazoea."

Kibuyu kilipoisha, Nkuba, aliyekuwa akipeleka ng'ombe mnadani Mbeya, aliwaletea magadi mengine kutoka sokoni Mwanjelwa, furushi zima, nusu kwa kaka yake na nusu kwake mwenyewe.

Mwezi wa saba miguu ya Bujiku ilianza kuvimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Mwezi wa nane alianza kulala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Nyamizi alifanya lile lililokuwa na akili kwake: mboga hazitoshi. Alizipika mara mbili kwa siku. Mgonjwa hana hamu, basi akaongeza magadi ziwe tamu zaidi. Usiku wa manane mtu angeweza kumuonea huruma, lakini mchana, pale jikoni, huku amefunga kiuno na jasho linamtiririka, alikuwa mtu mwenye uhakika, na huyo ndiye mtu wa kuogopwa kuliko wote.

Ukoo nao haukulala. Nkuba alikwenda kwa mganga mmoja mgeni, akarudi na jibu ambalo hakuna aliyehitaji kutembea mbali kulipata: anayemla Bujiku hayuko mbali, anakula naye sahani moja. Nkuba hakutaja jina. Alisema tu, mbele ya wazee, akiangalia jiko la kaka yake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nyamizi alisikia. Alikuwa ametoka katika nchi ambako aliona kwa macho yake mwanamke mzee akifukuzwa kwa mapanga kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Alijua neno kama lile linaishia wapi.

Vidonge vya kumkojoza walivyopewa hospitalini vilipokwisha, Bujiku hakuweza tena kusafiri. Siku ya Jumatano Nyamizi alitembea hadi Igawa, akapanda basi, na Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye benchi la hospitali ya Iringa na baridi yake, miongoni mwa wanawake waliojifunika mablanketi.

"Kamwene, mama!" Tekla alimtambua. "Mzee anaendeleaje?"

"Miguu imevimba, sista. Na pumzi."

Tekla alikunja uso. "Chumvi?"

"Hata punje. Naapa."

"Mboga?"

Nyamizi alinyanyua kichwa. Ndilo jambo pekee alilokuwa na fahari nalo, na wanawake wa benchini walikuwa wanasikiliza. "Kila siku, mara mbili. Kwanza alikuwa anatema. Sasa anamaliza bakuli. Natia magadi, sista, inakuwa laini, tamu, hata bila chumvi. Nimefundisha wanawake wote kule kwetu."

Tekla alikuwa anaandika. Aliiweka kalamu chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Magadi kiasi gani?"

Nyamizi alionyesha kwa kidole gumba. Kisha, kwa sababu alikuwa mkweli, akaonyesha ngumi.

Tekla alimshika mkono, akamwingiza chumba cha dawa, akafunga mlango. "Mama. Magadi ni ndugu ya chumvi. Yanavuta maji vile vile. Tena kile kitu nilichokwambia, kinachokinga kutu, ukichemsha mboga na magadi, kingi kinakufa humo humo chunguni. Zinabaki na rangi nzuri tu."

Nyamizi alikuwa anamtazama midomo.

"Kwa hiyo nimemlisha chumvi."

"Ndiyo, mama."

"Miezi yote."

Tekla alifuta macho kwa ukingo wa aproni. "Hata mama yangu kule Kalenga anapika hivyo hivyo. Nimekua nakula hivyo. Na sikukuuliza. Nilikurudisha mara tatu, na sikukuuliza." Alimfungia vidonge, akamwambia leo hii, kesho, kwa njia yoyote ile, amlete mzee.

Ukweli wenyewe ni kwamba Bujiku alikuwa mgonjwa wa moyo na huenda angekufa hata kwa mboga za malaika. Tekla alilisema na hilo pia. Nyamizi hakulisikia, na mimi simlaumu. Njia nzima ya kurudi, kupita Mafinga na Makambako, alikuwa anahesabu mabakuli.

Alifika Ijumaa mchana. Bujiku alikuwa ameegeshwa kwenye magunia, midomo imepoteza rangi. Alipomwona mkewe macho yalichangamka.

"Mama Kalista. Roza amenipikia, lakini hajui kama wewe. Nipikie mboga zako."

Alimpa vidonge. Akaenda bustanini, akachuma kunde changa kabisa, akazikatakata nyembamba, akakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta machache, akazigeuza kidogo tu motoni. Furushi la magadi lilikuwa karibu na goti lake. Hakuligusa. Wakati anapika alikuwa anapanga maneno. Atamwambia. Lakini atamwambiaje mtu anayehema vile kwamba furaha yake pekee ya miezi saba ndiyo iliyomjaza maji? Aliamua ale kwanza. Apate nguvu, kesho wamtafutie lori, na njiani, akiwa amemwegemea, amwambie.

Bujiku alitafuna. Shavu hili, shavu lile. Alijitahidi kumeza, ikashindikana. Aliyatoa majani mdomoni, akayaweka ukingoni mwa sahani kwa adabu, kama mgeni.

"Ni magumu," alisema.

"Kula hivyo hivyo, baba. Sista amesema."

Alimtazama mkewe muda mrefu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Umenichoka," alisema. "Si vibaya. Miezi saba ni mingi. Hata mimi ningechoka."

"Sijakuchoka, Baba Kalista."

"Basi," alisema, akageuza uso ukutani.

Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nyamizi aliufungua, akaufunga. Kesho, alijiambia. Jumamosi asubuhi, Nkuba akiwa amekwenda kutafuta wabebaji, Bujiku alikufa uso wake ukiwa bado umeelekea ukutani.

Msibani walimsifu. Hicho ndicho kilichomchubua kuliko kilio chenyewe. Hata wale waliokuwa wakinong'ona walilazimika kukiri kwamba mwanamke yule alipika na kulisha, alilisha na kuogesha. Nyamizi aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Siku ya tatu, mchana, wanaume walikuwa wamekaa karibu na zizi wanazungumzia urithi na jibu la mganga. Nyamizi alikuwa amekaa mkekani, hatua chache tu kutoka kwao. Roza alitokea jikoni na bakuli, akapiga goti mbele ya mumewe.

"Zako peke yako," alimwambia, kisha akamgeukia Nyamizi kwa upole. "Nimepika kama ulivyotufundisha, dada."

Nkuba alinyoosha miguu ili apokee vizuri. Alikuwa amevaa kandambili za matairi. Mikanda ilikuwa imezama kwenye nyama, na pale alipoisogeza palibaki mfereji ambao haukujaa.

Nyamizi aliuona ule mfereji. Aliujua kama anavyojua kiganja chake. Na aliwaona wazee, alimwona Nkuba, akaona kabisa kitakachotokea akifungua mdomo. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Alikuwa ameshanyamaza mara moja.

Aliinuka, akalishika bakuli mkononi mwa shemeji yake.

"Usile, shemeji. Magadi ni chumvi. Sista wa Iringa ameniambia. Ndiyo iliyomvimbisha kaka yako, na wewe imeshakushika, angalia miguu."

Roza alibaki amepiga goti.

"Nani alimpa kaka hayo magadi?" Nkuba aliuliza.

"Mimi."

"Na ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Amekufa Jumamosi. Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Wazee waliguna. Watu wale hawakuwa wajinga, nisieleweke vibaya. Walijua habari za sumu inayotiliwa mtu kwa chuki, na walikuwa na dawa zake na adhabu zake. Ile inayotiwa kwa mapenzi walikuwa hawajawahi kuisikia, kwa hiyo walimpa Nyamizi jina walilokuwa nalo.

Nkuba alilivuta bakuli kutoka mikononi mwake. "Mke wangu kanipikia kwa mkono wake msafi," alisema. "Aliyemuua kaka yangu ndiye anayenikataza kula." Akala. Alikula taratibu, akimtazama, hadi bakuli likaisha, kisha akalifuta na tonge, vile vile kama kaka yake alivyokuwa akifanya.

Wakampa hadi jua lizame awe ameondoka. Hawakumpiga, na huo ulikuwa wema wao. Alichukua nguo zake, blanketi moja, na mbegu za mchicha katika kitambaa, akashika njia ya Igawa, bila kujua kama angepanda basi la kwenda kwa wanawe ama angekaa tu barabarani.

Alikuwa ameshavuka mto aliposikia miguu nyuma yake. Alisimama bila kugeuka. Hakuwa na nguvu za kukimbia, na kama ni panga, basi na liwe.

Alikuwa Roza, anahema, ushungi umemwanguka. Hakumkumbatia, hakumwomba msamaha. Aliangalia nyuma kwanza.

"Dada," alisema. "Bila magadi, zinapikwaje?"

Nyamizi alitua mzigo, akaukalia. Alimwambia: changa, zikatwe nyembamba, kitunguu kingi, nyanya kwa wingi, zisikae motoni. Furushi la magadi alitupe mtoni leo hii. Alimrudisha mara tatu, na mara zote tatu Roza alipatia.

"Sasa niambie, ni nini kingine unatia kwenye chungu?"

Roza alifikiri. "Samli. Kijiko tu, ya kuungia."

"Na hiyo pia acha."

Roza alitikisa kichwa kukubali, akajifunga ushungi. Nyamizi alimshika mkono kabla hajaondoka.

"Atakwambia ni magumu. Atasema umemchoka," alisema. "Mwambie siku hiyo hiyo kwa nini. Akikupiga akupige, lakini mwambie. Usiseme kesho."